Kaunta: Watu Tuliowakalisha Nyuma ya Foklifti

Mwalimu wenu wa pale mjini Machakos aliniomba niwaandikie kurasa mbili kuhusu kazi ya foklifti. Nikamwambia tatu. Akasema mbili na nusu. Tukashikana mikono kwa tatu, halafu akanipa karatasi nne bila kuziangalia. Mimi niliziangalia. Kwa hivyo msishangae mkiona nimepitiliza.

Alitaka nianze na neno moja la Kiingereza lililo kwenye kitabu chenu, neno ambalo kila darasa hulikariri na kulisahau siku ya mtihani: counterweight. Kitabu kinasema ni uzito wa kusawazisha, na kitabu hakijakosea. Ni kile kipande kikubwa cha chuma kilichofungwa mgongoni mwa mashine, nyuma ya kiti cha dereva. Tani moja na zaidi ya chuma kisichofanya kazi yoyote unayoiona. Hakiinui, hakizunguki, hakitoi moshi. Kinakaa tu. Nimewahi kufanya kazi na mameneja wa namna hiyo, lakini kuna tofauti: kipande hicho ukikitoa, kazi inasimama.

Sisi pale Mavoko, kwenye kiwanda cha vyakula vya mifugo nilikomaliza nguvu zangu, hatukuwa na muda wa neno refu. Tulisema kauntaweti. Baadaye tukasema kaunta. Na baadaye tena kaunta halikuwa chuma, lilikuwa watu. Hapo ndipo nataka kuwafikisha. Lakini tuende polepole, kwa sababu hata mimi sikufika huko kwa siku moja.

Nilipopewa foklifti mara ya kwanza nilidhani kile chuma ni bampa. Mashine inarudi nyuma mara nyingi kuliko inavyoenda mbele, nikajiambia Wazungu wana akili, wameiwekea makalio magumu. Msimu wa mvua lori likakwama matopeni getini. Watu wakasukuma wakachoka. Mimi nikageuza foklifti, nikaweka makalio yale kwenye lori na kukanyaga mafuta. Lori likatoka. Nikapigiwa makofi. Kesho yake asubuhi fundi akakuta boliti mbili kubwa zinazoshikilia kauntaweti zimepinda kama misumari ya mbao mbovu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Musyimi. Alikuwa dereva mkubwa pale, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka wakati wa kazi wala wakati wa chai. Hakunitukana. Alisema, "Mutiso, leo chakula cha mchana tutakula buchani."

Nilifurahi. Nilidhani ananinunulia.

Tulipofika buchani nikanunua nyama kilo mbili, kwa pesa yangu. Nikapunguziwa kidogo baada ya kusumbuana na mwenye bucha, na bado nikamwambia apime mara ya pili. Mizani yake ilikuwa ya zamani, ya sahani mbili. Musyimi akaniuliza, "Nyama iko upande huu, jiwe liko upande ule. Katikati kuna nini?"

"Kuna mwenye bucha anatuibia."

Mwenye bucha alicheka. Musyimi hakucheka. "Katikati ni magurudumu ya mbele. Mzigo wako ni nyama. Kauntaweti ni jiwe. Wewe umeenda kusukuma lori na jiwe la mizani."

Halafu akachukua ufagio wa mwenye bucha, akaninyooshea mpini, akasema nishike mwisho mmoja kwa mkono mmoja. Akatundika ule mfuko wa nyama karibu kabisa na ngumi yangu. Nikashika vizuri. Akausogeza mfuko kidogo. Nikaanza kutetemeka. Akausogeza mpaka ncha ya mpini. Ufagio ukainama, nyama yangu ikaenda sakafuni kwenye unga wa mbao.

"Imeongezeka kilo?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa imeongezeka nini?"

"Imeenda mbali."

"Hiyo ndiyo kazi yote," akasema. "Yale mengine ni kupiga honi."

Nyama tuliiosha tukaila. Nilikuwa naikumbuka kila nikipika, lakini, kama mtakavyoona, nilikumbuka utamu zaidi ya somo.

Sasa someni hapa vizuri, kwa sababu mtaulizwa kwenye mtihani na mtaulizwa zaidi kwenye kazi. Karibu na kiti cha foklifti kuna bati dogo lenye nambari. Ile mashine yangu iliandikwa 2500, na madereva wengi wanasoma hapo tu, wanasema mashine hii ni ya tani mbili na nusu. Lakini pembeni kuna nambari nyingine ndogo: 500. Hizo ni milimita. Bati linakuambia hivi: nitainua tani mbili na nusu kama katikati ya mzigo haiko mbali zaidi ya nusu mita kutoka pale uma, yale meno mawili ya mbele yanayobeba mzigo, zinapoanzia. Mzigo ukiwa mnene kwenda mbele, katikati yake ikienda mbali, ile tani mbili na nusu si yako tena. Unaweza kubaki na mbili, au moja na nusu. Bati halitapiga kelele. Limekwisha kukuambia mara moja, na kwa maandishi.

Dalili ya kwanza utaisikia mikononi. Foklifti inageuza kwa magurudumu ya nyuma. Mzigo ukizidi, nyuma inainuka kidogo, kidogo sana, na usukani unakuwa mwepesi kama wa gari la watoto. Watu wageni wanafurahia usukani mwepesi. Wewe ukiusikia hivyo, teremsha mzigo hapo hapo, ushuke, ukahesabu upya.

Sisi hatukuteremsha. Sisi tuliita watu.

Sijui nani aliianzisha. Niliikuta. Mzigo ukiwa mzito, makalio ya mashine yakianza kuinuka, dereva alipiga honi mara tatu, na wapakiaji wawili watatu wakaja mbio wakaruka wakakaa juu ya kile chuma cha nyuma, miguu ikining'inia, kama wanawake wanaongoja zamu kisimani. Mashine ikatulia. Mzigo ukapelekwa. Wakashuka. Hao ndio walioitwa kaunta. "Leo nani kaunta?" "Niite kaunta, nimechoka kusimama." Ilikuwa kazi inayopendwa, kwa sababu ndiyo pekee kiwandani iliyofanywa ukiwa umekaa.

Nami ndiye niliyeifanya ikawa sayansi. Niliwajua watu wa ghala kwa kilo. Muuza maji nilimhesabu hamsini na tano, na sitini akiwa na mtungi. Wapakiaji sabini sabini. Walinzi walikuwa wazito lakini wakaidi, walitaka kubembelezwa, na kubembeleza ni kazi yangu. Nilianza na "dakika tano," nikashuka mpaka "dakika mbili," na mwishowe nikaongezea andazi.

Musyimi alikataa kabisa. Maisha yake yote pale hakuwahi kubeba kaunta wa nyama na mifupa. Mzigo ukizidi, aliugawanya mara mbili. Usipogawanyika, alizima mashine na kwenda kuomba kreni ikodiwe, na kama haikukodiwa alikaa. Tulimwita Mchungaji.

"Jiwe la mizani likianguka," aliniambia siku moja, "unaliokota, unalipangusa vumbi, unaendelea kupima. Jaribu hivyo na mtu."

Nikamjibu, "Mchungaji, sadaka tutatoa Jumapili." Watu wakacheka. Alistaafu, mimi nikawa dereva mkubwa, na kaunta ikawa desturi ya ghala zima.

Ndunge alikuwa mshonaji wa magunia. Alisimama mwisho wa mstari na ile mashine ndogo ya kushona mdomo wa gunia, tr-r-r-r, gunia linafungwa, jingine linakuja. Tulimwita Mama Kavata kwa jina la binti yake. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, na mdomo wake ulikuwa mkubwa zaidi. Ukimtania, ulikuwa ujiandae kulala na jibu lake.

"Mama Kavata, wewe ni tani ngapi leo?"

"Mimi nimejaa, Mutiso. Wewe ndiye gunia la sampo, lile dogo la kuonyesha wateja. Ukikaa hapo nyuma hata inzi hatasogea."

Alikuwa kaunta wangu niliyempenda kuliko wote. Sababu ni mbaya na nitaisema ilivyo: yeye mmoja alinipunguzia kubembeleza wawili.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne, chai inaletwa. Lori liliingia na mashine mpya ya kuchanganyia chakula cha ng'ombe, ndani ya kasha la mbao kubwa kama choo cha shule. Ubavuni pameandikwa 2900. Supavaiza wetu, Kilonzo, akanijia na lile tabasamu lake la kuomba kitu.

"Mutiso, hii tunashusha saa hii."

"Hii ni ya kreni."

"Kreni itapatikana Jumamosi. Dereva wa lori anataka kurudi."

"Basi angoje Jumamosi."

"Wewe nawe. Niambie unataka nini."

Angalieni hapo, vijana. Mtu akiacha kukujibu hoja na kuanza kukuuliza bei, ujue umekwisha kuingia sokoni. Na mimi sokoni ndiko nilikozaliwa. Nikasema nipewe Jumatatu nzima ya kupumzika. Akasema nusu siku. Nikasema nzima, na Jumanne nichelewe. Akasema nzima, Jumanne nije mapema kama watu. Tukaelewana. Bei yangu ilikuwa Jumatatu moja.

Nikapiga hesabu. Kasha 2900, mashine 2500, tofauti 400. Mtu ni kilo sabini. Mia nne kwa sabini ni watu watano na kitu. Kitu cha mtu hakipatikani, nikasema sita. Nikapiga hesabu hiyo tena kwa kidole juu ya vumbi la kasha, ikatoka sita. Wapakiaji wakapatikana wanne. Nikamgeukia Ndunge.

"Mama Kavata, njoo. Wewe nimekuhesabu wawili."

"Kama mimi ni wawili, basi chai yangu iwe vikombe viwili."

"Vitatu."

Wakapanda. Wanne pembeni wakishikilia nguzo za paa la mashine, Ndunge katikati, kwa sababu uzito wa maana unawekwa katikati.

Kasha lile lilikuwa na kina cha karibu mita mbili. Sikulipima. Katikati yake ilikuwa mbali huko mbele, karibu mara mbili ya ile nusu mita ya kwenye bati. Kilo nilizihesabu mara mbili. Umbali sikuuhesabu hata mara moja. Mimi, ambaye nyama yangu iliwahi kula unga wa mbao kwa sababu hiyo hiyo.

Lilinyanyuka. Lori likasogea mbele, nami nikabaki nimelishika kasha hewani, na watu wakapiga makofi. Nikaanza kuliteremsha huku nikirudi nyuma kuelekea mlango wa ghala. Usukani ulikuwa mwepesi. Nawaapia niliusikia. Nikajiambia ni mita kumi tu.

Gurudumu likakanyaga mfuniko wa mtaro ambao haukukaa sawa, mashine ikaruka kidogo, nami nikafanya kile ambacho mguu wa mtu yeyote ungefanya. Nikakanyaga breki. Breki ukirudi nyuma na mzigo si neno sana, lakini nilikanyaga na kuachia, mashine ikayumba mbele, kasha likavuta, na makalio yakapaa. Wale wanne wa pembeni waliruka. Ndunge alikuwa katikati, hakuwa na nguzo ya kushika wala mahali pa kurukia. Aliteleza akaanguka nyuma ya mashine. Kisha kasha likachomoka kwenye uma na kuanguka, mashine ikakosa mzigo, na kauntaweti, ile ya chuma, ikarudi chini.

Ilirudi juu ya mguu wake wa kulia, chini ya goti.

Sitaandika sauti. Nitaandika tu kwamba alikuwa amevaa aproni ya kijani na uzi wa kushonea magunia ulikuwa bado umezunguka kidole chake, na kwamba aliniita kwa jina, bila kunitukana, akasema, "Mutiso, itoe. Itoe tu." Ilibidi nipande tena kwenye kiti na kuiendesha mashine ili imtoke. Mikono yangu ilifanya kazi hiyo vizuri sana. Sijawahi kuielewa mikono yangu.

Ijumaa niliitwa ofisini. Kulikuwa na karatasi ya maelezo ya ajali, na swali moja lililokuwa na maana: waliopanda nyuma ya mashine waliruhusiwa na nani? Kabla sijaingia, Kilonzo alinivuta pembeni.

"Ukisema mimi nilikutuma, tunaenda nyumbani wawili. Ukisema wewe uliwaita, unaenda wewe. Ukisema walipanda wenyewe, hakuna anayeenda."

"Na Ndunge?"

"Ndunge yuko hospitali. Mtu hafutwi akiwa hospitali."

Ilikuwa na sura ya hesabu nzuri. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikaandika: Walipanda wenyewe. Nikatia sahihi. Maneno mawili. Wale wapakiaji wanne waliitwa baadaye, wakaonyeshwa nilichoandika, nao wakakiona ni chepesi kubeba.

Jumatatu nilipumzika, kama tulivyokubaliana. Nilinunua ndizi na maziwa, nikaenda kumwona hospitali. Mguu ulikuwa umefungwa vyuma. Alinitazama akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayepima kama kinauma.

"Wengine wako salama?"

"Wote."

"Umewahesabu?"

"Mara mbili."

"Basi ni hesabu nzuri," akasema, akala ndizi.

Sikumwambia kuhusu karatasi. Nilikuwa nimejiambia njiani nitamwambia akimaliza ndizi. Alimaliza. Nikamwambia apone haraka.

Mguu ulipona ukiwa haukunjiki. Barua ilimfikia akiwa bado na mikongojo: ameondolewa kazini kwa kukiuka kanuni za usalama kwa hiari yake. Hakupata fidia, kwa sababu fidia ya mtu aliyepanda mwenyewe hakuna. Alirudi kwao Ndithini. Kiwandani wakaipaka kauntaweti rangi ya manjano na kuandika kwa herufi nyeusi: HAIRUHUSIWI KUPANDA. Maandishi mazuri. Dereva wa foklifti anageuka kutazama nyuma mara nyingi kwa siku, na mimi niliendesha mashine ile miaka mingine mingi. Honi mara tatu haikupigwa tena. Kwa hivyo mnaweza kusema kulitokea jambo jema, na mtu mwingine amewahi kuniambia hivyo, nami nikamwomba asirudie.

Baadaye kiwanda kilifungwa, Kilonzo akafariki, nami nikastaafu nikarudi Kathiani kwenye mahindi na maembe yangu. Mwalimu wenu aliponiomba kurasa hizi niliandika mpaka mlipofika hapo juu. Kisha nikaona siwezi kuwapa jina la mtu bila kumwuliza mwenyewe. Mwezi uliopita nikafunga safari ya Ndithini. Kutoka barabarani nilichukua bodaboda, nikapatana naye bei nzuri, halafu nilipofika nikamwongezea zaidi ya alivyotaka mwanzo. Kijana alinishangaa. Nadhani nilitaka kuchelewa kidogo.

Nilimkuta Ndunge mlangoni kwake amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu mmoja umenyooka mbele, anapeta mbaazi. Amepungua. Mdomo haujapungua.

"Asi! Mutiso wa foklifti. Bado gunia la sampo?"

"Bado, Mama Kavata. Limetoboka tu."

Kavata mwenyewe alikuwepo, mwanamke mtu mzima sasa, fundi wa nguo pale sokoni. Aliniletea chai. Nikaeleza nimeandika nini na kwa nini, nikamwomba Ndunge ruhusa. Akasema, "Nisomee. Na Kavata akae asikie."

Nikasoma. Pale kwenye bucha walicheka. Pale kwenye vikombe vya chai Ndunge alitabasamu na ungo wake. Nilipofika kwenye yale maneno mawili, Kavata aliweka kikombe chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

Akamgeukia mama yake. "Kwa hivyo hukupanda kucheza?"

"Si nilisema."

"Baba alikufa akijua ulipanda kucheza. Nyumba nzima ya kina baba. Shosho, mama yake baba, alikuwa anasema mbele ya watu, huyu, mguu wake aliuharibu kwa mchezo. Mama, mbona hukupigana nao?"

"Nilisema mwaka mzima," Ndunge akasema. "Lakini karatasi ilikuwa na muhuri. Mimi nilikuwa na mdomo tu."

Kavata akanitazama. Hakupandisha sauti. "Na wewe mzee, miaka hii yote ulikuwa unangoja nini?"

Njiani nilikuwa nimepanga majibu matatu. Nikatoa lile nililoona lina nguvu. "Nilikuwa na watoto shuleni."

"Na mimi nilikuwa wapi? Si nilikuwa shule? Nilitoka darasa la saba."

Yale mawili yaliyobaki sikuyatoa. Nilisema, "Nisamehe, Kavata. Na wewe, mwaitu, mama yetu, nisamehe." Niliwaambia nitaandika karatasi nyingine, nitaipeleka kwa chifu, niisome kanisani kwao na kwa ukoo wa marehemu, popote watakapotaka. Kavata alisema kwa ukoo wa baba yake kwanza. Nimeshaenda. Walinisikiliza, wazee wawili na wajane watatu, na mmoja akaniuliza kwa nini nimewaletea habari hiyo wakati mwenye kuihitaji amekwisha kuzikwa.

Lakini siku ile, kabla sijaondoka, Ndunge aliinua uso kutoka kwenye ungo.

"Hiyo hadithi yako ni nzuri," akasema. "Jina langu weka, yote mawili ukitaka. Lakini umeruka mahali."

"Wapi?"

"Wewe unajua."

Nilisema sijui. Akaendelea kupeta mbaazi, makapi yakiruka upande wangu, na akaniacha nitafute.

Ukurasa ule wa Alhamisi, ule wa vikombe viwili na vitatu, nimeuacha vile nilivyouandika kwanza. Mwalimu wenu alitaka niusahihishe, nikamkataza. Usomeni hivyo hivyo, muone mtu anavyoweza kuja kukiri kosa lake, kwa hiari, kwa maandishi, na bado akaficha kipande chini ya ulimi. Maneno yale ya chai yalisemwa, sikuyatunga. Lakini hayakuwa ya kwanza.

Nilipomwita mara ya kwanza, Ndunge aliangalia lile kasha, akaangalia mashine, akasema, "Leo hapana, Mutiso. Hilo ni refu. Tafuta mwingine." Akarudi kwenye magunia yake. Alikuwa ameuona umbali, yeye mshonaji, kwa macho tu.

Nami nilikuwa nimekwisha kuuza, nataka Jumatatu yangu. Nikazungumza kwa sauti, ghala zima lisikie. "Jamani, Mama Kavata ameogopa. Mwili wote huo, kumbe ni pamba."

Watu wakacheka. Ndipo akaweka uzi chini, akaja, akapanda.